Istilahi za Kompyuta na Malalamiko ya Watumiaji
Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi hiyo yastahili sifa. Hata hivyo istilahi haikamiliki mezani pa mwanaisimu. Ngamizi na tarakilishi zilipendekezwa, Watanzania wengi wakabaki na kompyuta. Karani wa Laela, aliyeanza kusema kwa Kifipa, akikwama penye amri asiyoielewa, lalamiko lake ni data ya kiisimu, si ushahidi wa ujinga. Vivyo hivyo kisahihishi cha tahajia: kikitegemea orodha tupu ya maneno hukikataa kitenzi sahihi kama hawajatuandikia. Dawa yake ni kanuni za uambishaji, si kurefusha orodha.