Jasho la mwanafunzi lisilipwe kwa jina

Mwaka 1955 kijana mmoja wa chuo cha Fort Lewis, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, aliumia kichwani akikichezea chuo chake futiboli ya Kimarekani, akafa. Jina lake lilikuwa Ray Dennison. Mjane wake alikwenda kudai fidia wanayopewa jamaa wa mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilimnyima, kwa maelezo kwamba chuo hakikuwa kikifanya biashara ya mpira, wala marehemu hakuwa mwajiriwa wake.

Ni katika miaka hiyo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, kilipoanza kusisitiza kwamba mchezaji wa chuo aitwe "mwanafunzi-mwanamichezo". Walter Byers, aliyekuwa mtendaji mkuu wa chama hicho tangu 1951 hadi 1987, alikiri mwenyewe baadaye kwamba jina hilo lilibuniwa kwa kuhofia madai ya namna hiyo. Hivyo neno ambalo mwalimu yeyote angelipokea kwa furaha, kwa kuwa linatanguliza elimu, lilizaliwa kama ngao ya mwajiri asiyetaka kuitwa mwajiri.

Yafaa hayo yakumbukwe sasa, wakati inaposemwa kwamba dhuluma imekwisha. Ni kweli kwamba mengi yamebadilika. Juni 2021 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliamua kwa kauli moja, katika kesi ya Alston, kwamba NCAA haikuwa na haki ya kuwawekea wachezaji kikomo cha manufaa yanayohusu masomo. Julai 1 mwaka huo wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matangazo yanayotumia majina na sura zao. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha mapatano ya kuwalipa wachezaji wa tangu 2016 kiasi cha dola bilioni 2.8 katika muda wa miaka 10, na kuruhusu kila chuo kiwagawie wachezaji wake hadi dola milioni 20.5 hivi katika mwaka wa kwanza.

Fedha hizo si hisani. Mwaka 2010 haki za kutangaza mashindano ya mpira wa kikapu ya mwezi Machi peke yake ziliuzwa kwa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14. Na katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayepokea mshahara mkubwa kuliko wote, gavana akiwemo, ni kocha wa timu ya chuo.

Wapo watakaosema kwamba mchezaji alikuwa akilipwa tangu zamani: ada, chumba, chakula na vitabu. Hoja hiyo haistahili kubezwa, maana wazazi wengi wanajua uzito wa ada. Lakini malipo ya elimu ni elimu yenyewe, si kuandikishwa tu. Mwaka 2014 wachezaji wa Chuo Kikuu cha Northwestern walipotaka kuunda chama cha wafanyakazi, kiongozi wao, Kain Colter, alieleza jinsi alivyokusudia kuwa daktari, lakini somo la kemia aliloliihitaji likagongana na mazoezi. Akaishia kusoma saikolojia. Kanuni ya NCAA inasema saa 20 kwa wiki. Ofisa wa serikali aliyesikiliza shauri hilo aliona kwamba katika msimu wa michezo saa hizo hufikia 40 hadi 50. Mwaka uliofuata bodi ya taifa ya uhusiano wa kazi ilikataa kulitolea uamuzi, na mwalimu wa kemia hakuulizwa lolote.

Tangu 1973, kwa karibu miaka 40, ufadhili wenyewe ulitolewa kwa mwaka mmoja mmoja tu, hata kijana aliyevunjika mguu aliweza kukosa uwanja na darasa kwa pamoja.

Afrika Mashariki haiwezi kulitazama jambo hili kama la wengine. Suleiman Nyambui wa Tanzania alikimbilia chuo kikuu cha El Paso, Texas. Na Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi 4 za dunia katika siku 81, mwaka 1978. Vijana wa Kenya wangali wanakwenda huko kwa njia hiyo. Mapatano ya 2025 yanawanufaisha hasa wachezaji wa futiboli na mpira wa kikapu. Mkimbiaji wa mbio ndefu hubakiwa na makombo. Tena mgeni mwenye viza ya mwanafunzi amewekewa mipaka mikali ya kufanya kazi, hivyo fedha za matangazo anazozipokea mwenzake wa chumba kimoja zaweza kumgharimu yeye masomo yake.

Haki ya kwanza, basi, ni kwamba ufadhili udumu hadi shahada ipatikane, mchezaji awe mzima au ameumia, na ratiba ya mazoezi iifuate ratiba ya masomo. Bima ya majeraha ambayo NCAA ilianza kuitoa Agosti 2024 hudumu miaka 2 tu baada ya mchezaji kuacha kucheza. Goti la kijana huhitaji zaidi ya hapo. Ama swali kwamba mchezaji ni mfanyakazi au siye, mapatano hayakuligusa. Mjane mwingine akienda kudai leo, hana hakika ya kujibiwa tofauti na yule wa Colorado.