MAONI: Nani alisema kwaki si za watoto wa Njoro?

Msomaji, jaribu kumwambia mzee wako kwamba unataka kusomea fizikia ya nadharia. Swali la kwanza huwa lile lile: "Hiyo nayo itakulisha nini?" Ukiongeza kwamba hasa unataka kuchunguza kwaki, utaulizwa kama umemaliza kukamua ng'ombe.

Swali hilo si baya. Karo ni ghali na kazi ni chache. Ila jibu ambalo vijana wengi hupewa, kwamba sayansi hiyo ni ya Wazungu wenye mabilioni, si la kweli.

Kwanza tuelewane. Mwili wako, mahindi shambani na simu uliyoshika, vyote vimeundwa kwa atomu. Kiini cha atomu kina protoni na nyutroni, na ndani ya hizo mna chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki. Wazo hilo lilitolewa mwaka 1964 na Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kivyake. Ajabu ni kwamba kwaki haitembei peke yake. Nguvu inayozishika ni kama mpira wa manati: ukizidi kuvuta, unazidi kukaza. Ukivuta hadi ukatike, nishati uliyotia huzaa kwaki mpya, na kila upande unabaki na mwenzake.

Halafu kuna hili. Ukipanda mizani ikasoma kilo 60, uzito wa kwaki zenyewe haufiki hata kilo moja. Karibu uzito wote uliobaki unatokana na nishati iliyofungiwa ndani ya protoni na nyutroni. Yaani wewe ni nishati zaidi ya vile ulivyodhani.

Ili kuzifungua kwaki, wanasayansi wa CERN hugonganisha viini vya madini ya risasi katika mtambo wenye mzunguko wa kilomita 27, chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Joto linalotokea hushinda lile la katikati ya jua zaidi ya mara 100,000. Protoni huyeyuka kama mafuta ya kupikia yaliyoganda, na kwa muda mfupi mno kwaki huogelea huru. Ulimwengu wote ulikuwa hivyo mara tu ulipoanza. Mwaka 2005, watafiti wa Brookhaven kule Marekani walitangaza kwamba supu hiyo hutiririka kama maji, si kama gesi waliyotarajia. Kueleza sababu ni kazi ya watu wa nadharia, na kazi hiyo hufanywa kwa kalamu na kompyuta.

Utasema hayo ni ya huko mbali. Basi twende Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Marekani ilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa ilikuwa siku ya Jamhuri, ikapewa jina Uhuru. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengewa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ilinasa kitu kinachoitwa Centaurus X-3, kinachopiga kama moyo kila baada ya sekunde 4.8. Ni nyota ya nyutroni: uzito unaozidi wa jua, umebanwa katika mpira wenye upana wa kilomita 20 hivi, karibu na safari ya matatu kutoka Njoro hadi Nakuru mjini. Hadi leo wanafizikia wanabishana kama katikati ya nyota hizo kuna kwaki zilizo huru. Dirisha la swali hilo lilifunguliwa kutoka pwani yetu, ila sisi tulitoa bahari na jina tu.

Sasa Njoro. Hapa hatuanzi kwa sifuri. Ngano kutoka nchi nyingi duniani huletwa katika kituo cha KALRO kujaribiwa kama inaweza kuhimili ugonjwa wa kutu aina ya Ug99. Dunia inaiamini Njoro kwa mkate wake. Chuo cha Egerton nacho kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987, na fizikia inafundishwa humo. Mahali panapoweza kufanya sayansi ya ngano panaweza kufanya ya kwaki.

Tena nadharia ndiyo sayansi isiyohitaji mtambo. Makala za utafiti husomwa bure kwenye arXiv tangu 1991. CERN yenyewe imeweka data zake wazi tangu 2014, na ukiwa na bando na laptopu unaweza kuzichambua. Abdus Salam alizaliwa Punjab, akashinda Nobel mwaka 1979, na kituo alichoanzisha Trieste mwaka 1964 kiliwalenga watu wa nchi kama yetu. Jirani zetu wa Kigali wameshapata taasisi inayoshirikiana nacho. Kigali pia iliandaa shule ya Afrika ya fizikia ya msingi mwaka 2016. Kwa nini zamu moja isije Njoro?

Tusidanganyane: hakuna kampuni Nakuru inayoajiri mtaalamu wa kwaki. Lakini anayejua hesabu hizo anajua kuandika programu na kuchambua data, na ujuzi huo unatafutwa na benki, hospitali na watabiri wa hali ya hewa. Hata wavuti unaosomea makala haya ulibuniwa CERN mwaka 1989.

Kwa hivyo wewe wa gredi ya 9 unayechagua mkondo wa sekondari pevu, usiache fizikia kwa kuogopa jina. Uliza kwanza kama shule unayoitaka ina mwalimu wa fizikia na maabara inayofanya kazi. Ikiwa haina, wazazi, wakuu wa shule na serikali waulizwe kwa nini, manake hapo ndipo ndoto nyingi hufia. Na mzee akikuuliza itakulisha nini, mjibu kwa heshima: "Baba, hata ngano ya Njoro ilianza kwa mtu kuuliza swali." Kisha nenda ukamue ng'ombe.