Laptopu ya Kazi Haitaki Vitu Vipya Kila Siku

Wasee, wacha niseme mapema ndio wale wa Arch waanze kunitusi: mashine unayotafutia unga haifai kupokea programu mpya kila asubuhi.

Nilijua hii kwa njia mbaya. Nilikuwa na video ya mteja, inatakikana saa mbili asubuhi. Saa tano usiku nikaona kuna vifurushi mia moja na kitu vya kusasishwa. Nikakubali. Kwa nini? Hata sijui, nilitaka tu kuona namba mpya. Data ikaenda zaidi ya giga 2, mashine ikajiwasha upya, skrini nyeusi tii. Keneli mpya na draiva ya grafiki zilikuwa zimekosana. Kazi nilimalizia kwa mashine ya binamu yangu, saa saba mchana, na nikalipwa nusu. Mfumo wenyewe sitautaja, ulifanya tu nilichouambia.

Sasa, watu husikia Debian imara na kudhani ni makumbusho. Ni kweli toleo jipya hutoka karibu kila miaka 2: Bookworm ilikuja Juni 2023, Trixie Agosti 2025. Katikati hapo programu nyingi zinabaki palepale. Lakini tundu la usalama likipatikana, wao huchukua kile kiraka na kukishonea kwenye toleo ulilonalo, bila kukubadilishia kitu kingine. Kuwa ya zamani si kuachwa wazi.

Na kuna wakati uzamani unakuokoa. Machi 2024, Andres Freund aliona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Mimi ningelaumu mtandao. Yeye akachimba, akakuta mlango wa siri ndani ya xz 5.6.0 na 5.6.1. Matoleo hayo yalikuwa yashaingia Debian ya majaribio, Fedora ya majaribio, na kifurushi kilikuwa Arch pia. Debian imara ilikuwa bado kwa 5.4. Haikuguswa.

Sitadanganya lakini. Ukinunua laptopu iliyotoka juzi, keneli ya zamani inaweza kukosa kuijua waifai yake, na hapo utalia. Ndio maana kuna Debian Backports: unachukua keneli mpya pekee, mengine unayaacha. Mimi Kdenlive naitoa Flatpak, kwa sababu hiyo ndiyo inanilisha na nataka iwe mpya. Kicheza muziki kikiwa cha miaka 2 iliyopita, buda, kinanidhuru nini?

Kuna mashine yangu ya mtumba, betri yake dakika 40, hiyo ndiyo ina Arch. Naivuruga kila wikendi na imenifunza Linux kuliko kitu kingine chochote. Ile ya kazi wiki iliyopita ililetewa vifurushi 4. Nikakubali, nikaendelea na chai yangu.