MGENI AKIFIKA KAMINA TUNAMWONESHA NINI?



Tunaanza na haya yetu wenyewe. Mwezi uliopita wanakwaya wa Lubumbashi walilala hapa shuleni siku tatu. Siku ya mposho mmoja wao akatuuliza: "Mutatutembeza wapi?" Tukaangaliana. Kisha mmoja wetu akajibu: "Huku hakuna kitu, baba, iko vumbi tu." Tukacheka wote, hata sisi makapita. Wageni wakakaa chini ya mwembe mpaka jioni wakihesabu maembe, nayo yalikuwa mabichi.

Jambo hilo linatusumbua, zaidi tangu somo la jografia juu ya visiwa vya bahari ya Pasifiki. Mwalimu alitueleza Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga. Ni mji mdogo kwelikweli, maana nchi yote ya Tonga ina watu karibu 100,000. Mgeni anatoka Nyuzilandi, anapita juu ya maji kilomita karibu 2,000, anashuka, anatembea kwa miguu. Anaona nini? Nyumba ya mfalme, ya mbao, iliyojengwa mwaka 1867. Haingii ndani, anasimama inje ya ua na kuangalia. Kisha anaenda ku soko la Talamahu kuangalia mihogo na viazi. Kisha wanampeleka Kolovai akaone popo. Ndiyo, popo! Wananing'inia ku miti mchana, na kwa desturi mfalme peke yake njo mwenye ruhusa ya kuwawinda. Sisi huku tunawatupia mawe. Siku ya Mungu anakuta maduka yamefungwa, kwa sababu sheria kuu ya mwaka 1875 inaamuru Sabato itunzwe takatifu; basi anaenda kusikiliza nyimbo kanisani. Na kanisa kubwa kupita yote kule ni la Kimetodisti, kama la jirani zetu wengi hapa.

Sasa sisi. Kamina pia ni mji mkuu. Tangu mwaka 2015, Katanga ilipokatwa mafungu mane, sisi ni mji mkuu wa Haut-Lomami. Lakini tunaongea kama watu wa kituo kidogo cha njiani.

Nyumba ile ya mbao si ajabu kushinda gare yetu. Hapa reli zinaachana: moja ya Lubumbashi, moja ya Kananga mpaka Ilebo, moja ya Kabalo mpaka Kalemie. Mzee aliyefanya kazi ya reli anaweza kusimama pale na kumwonesha mgeni nusu ya Kongo kwa kidole. Na Base? Mwezi wa kumi na moja 1964 ndege zenye askari wa miavuli wa Ubelgiji zilitoka pale kwenda Stanleyville, njo Kisangani ya leo. Mwaka 1978, siku za vita ya Kolwezi, Wabelgiji walishuka tena pale. Hatuwezi kuingiza mgeni mu Base, askari hawatacheka naye. Lakini hata Tonga hawaingii kwa mfalme! Habari yenyewe inatosha, kama kuna mtu wa kuieleza.

Hapo ndipo panapouma. Tuliulizana mu darasa la sita: lukasa ni nini? Wawili tu walijua kwamba ni ubao wa wazee wa Kiluba, wenye shanga, ambao watu wa chama cha Mbudye walikuwa wakiusoma kwa vidole na kutaja wafalme na safari zao. Leo mbao hizo ziko mu makumbusho ya Ulaya na Marekani. Sisi wajukuu tunazitafuta mu kitabu cha Kifransa.

Wengine wanatuambia: "Tengenezeni kwanza barabara, kisha muite wageni." Wana haki nusu. Mgeni aliyechoshwa na treni hana nguvu ya kusikiliza historia, na vumbi la mwezi wa tisa si hadithi. Lakini barabara haiko mkononi mwa mwanafunzi. Mdomo na miguu viko. Tena sisi wa mwaka wa sita, karibu wote tunasema kwamba kisha diploma ya Serikali tutaenda Lubumbashi, hatutarudi. Tulipocheka ile siku ya mposho, hatukuwa tunawaambia wageni tu. Tulikuwa tunafunga mizigo yetu.

Kwa hiyo tunamwomba Bwana Prefe ruhusa ya jambo moja. Mwezi ujao timu ya Bukama inakuja kucheza mpira na sisi. Asubuhi, kabla ya mchezo, tunataka kuwatembeza: gare kwanza, kisha soko, ambako watakuta samaki wa kwao na kushangaa bei, kisha nyumbani kwa mzee mmoja wa reli aliyekubali kuongea nao. Tunahitaji wanafunzi sita wanaojua Kiluba vizuri, na wawili wasio na haya. Majina yaletwe kwa kapita wa kila darasa mbele ya siku ya tano. Yule aliyejibu "iko vumbi tu" ameandika lake tayari.

Makapita wa mwaka wa sita