Simu Inajua Tulipo

Akina mama wenzetu, sisi wa Chapwa na Tunduma tumelizoea jambo hili: mtu yuko sokoni upande wa Tanzania, mara simu yake inanasa mtandao wa Zambia na kumkaribisha ugenini. Hajavuka mpaka. Ni mnara wa Nakonde tu umemfikia kwa nguvu zaidi.

Kila tunapopiga simu au kutuma ujumbe, kampuni huandika ni mnara gani uliopokea. Huko Estonia, Rein Ahas na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tartu walitumia kumbukumbu za namna hiyo kujua watalii hupitia miji gani. Karibu nasi, wataalamu walichunguza simu za watu wapatao 770,000 wa Zanzibar, kuanzia Oktoba hadi Desemba 2008, ili wajue malaria husafirije. Waliona kuwa wengi waliokwenda bara waliishia Dar es Salaam na kurudi baada ya siku chache. Hatari zaidi ilikuwa kwa wachache waliokaa muda mrefu penye malaria nyingi. Majina yao hayakutolewa.

Hayo ni matumizi mema. Lakini je, mke wa dereva wa lori aweke kwa siri programu ya kumfuatilia mumewe? Tunasema hapana. Kwanza, mnara unaweza kumweka mtu Zambia naye yuko Tunduma. Ndoa ngapi zingevunjika kwa kosa hilo! Hata satelaiti, ambayo hukaribia zaidi, huonyesha lori lilipo tu. Haisemi kama limesimama kwa pancha, kwa foleni ya forodha au kwa usingizi. Pili, mume akigundua kwamba anapelelezwa, naye ataanza kuficha hata yasiyo na ubaya.

Afadhali tupatane waziwazi. Safari ni ndefu na ajali ni nyingi. Mume anaweza kukubali kuonyesha alipo mpaka afike. Basi nawe mama ukubali kuonekana vilevile, bila kununa. Akichelewa, mpigie, na kabla ya kumuuliza yuko wapi, muulize kama amekula. Jibu la swali hilo hakuna mnara unaolijua.