MNAMLILIA NEYMAR, BEKI MMEMSAHAU!

Ndugu yangu wa kijiweni, najua utabisha, lakini soma kwanza. Kila michuano ikifika hatua ya mtoano, wewe na wenzako mnahesabu washambuliaji tu. Mabeki mnawakumbuka siku wakitobolewa, tena kwa matusi.

Rudi nami Belo Horizonte, Julai 8, 2014. Nusu fainali ya Kombe la Dunia, Brazil na Ujerumani. Nchi nzima inamlilia Neymar aliyevunjika pingili ya uti wa mgongo. Hata wimbo wa taifa ukipigwa, wachezaji wameshika jezi yake. Nani alimlilia Thiago Silva? Nahodha, beki wa kati, yuko nje kwa kadi za njano! Dakika ya 29 ilikuwa 5-0. Mwisho 7-1. Hebu niambie, Neymar angezuia lipi kati ya hayo saba?

Ligi ina kesho. Ukifungwa leo, utafidia mwezi ujao. Mtoano hauna kesho, bwana! Lakini usipofungwa hujatolewa: una dakika 30 za nyongeza, una na penalti. Ugiriki walilijua hilo mwaka 2004 kule Ureno. Ufaransa 1-0, Czech 1-0, fainali wenyeji 1-0. Wapenda chenga walinuna, kombe likaenda Athens. Hata Hispania ya 2010 na pasi zake zote, mechi zake nne za mtoano zilikuwa 1-0 tupu. Na Mbappé je? Alifunga matatu kwenye fainali ya 2022, akalala bila kombe, kwa sababu kipa Martínez alichomoa bao la Kolo Muani kwa mguu dakika za mwisho kabisa.

Utaniuliza: mkifunga geti tu, bao litatoka wapi? Hapo umenishika kidogo. Fainali ya Kombe la CAF 1993 Simba walitoka Abidjan 0-0 na Stella, sisi tukaanza kunukia kombe. Dar wakalala 2-0. Dakika 180 bila bao hata moja! Sikatai, bao linatakiwa.

Ila si lazima alete mshambuliaji. Nusu fainali ya 1998 Croatia walitangulia, Ufaransa wakashinda 2-1, yote mawili ya Thuram, beki wa kulia. Aliichezea nchi yake mechi 142 na hayo ndiyo mabao yake pekee. Mshambuliaji wao wa kati, Guivarc'h, hakufunga hata moja mashindano yote, na medali ya dhahabu anayo.

Haya, bisha sasa.