"Recevable" bado si sheria

Mwaka 2022, wakati wa likizo ya bunge, nilimsikia mbunge wa jimbo akitoa ripoti kwenye soko la Mudaka. Pendekezo lake la edi juu ya takse za soko, alisema, ni "recevable" na limeenda kwenye komisyo. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja muuza ndizi akaniuliza: "Njo kusema kesho hatutalipa tena?"

"Recevable" maana yake baraza limekubali kulichunguza pendekezo, basi. Komisyo inaweza kulikatakata. Kura bado, sahihi ya gavana bado.

Kifungu cha 142 cha Katiba ya 2006 kinaitaka serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa ndani ya siku 60. Ila hiyo ni sheria iliyokwisha kutangazwa. Ripoti ya mbunge haimo. Wala sidai aseme "mswada" kama Dodoma. Neno hilo lingempotezea mama yule njia vilevile. Angesema tu: "Wamekubali kuisoma, hawajaipitisha, muendelee kulipa." Makofi yangepungua, najua.

Mama nilimjibu kwa Mashi. Akafunga tena pesa ya takse kwenye kitenge.